Naomba ushauri: sakafu ya mizigo ndani ya Toyota IST

Jambo kwenu ndugu zangu. Niko Bukavu, na kila asubuhi nabeba shu (kabichi) na viazi kutoka soko la Mudaka hadi Kadutu kwa Toyota IST yangu. Nimetoa viti vya nyuma; boluti zilitoka kwa ufunguo wa 14, hiyo haikunitesa. Shida ni chini. Pale palipokaa kiti pana shimo, halafu sakafu ya buti iko juu zaidi, kwa hiyo ubao haulali sawa.

Nilijaribu tripleksi (plaiwudi) ya milimita 9 juu ya vipande viwili vya mbao. Siku ya tatu, gunia mbili za viazi zilikaa katikati, ubao ukapinda kama chelewa. Na kwenye mteremko mizigo yote ikaja kunisalimia mgongoni.

Fundi wa kuchomea anataka kutoboa bati na kuunganisha miguu ya chuma. Nimemkatalia, kwa sababu tanki la mafuta liko palepale chini, na hata kifuniko cha pampu kinafunguliwa kutoka ndani.

Naomba mnisaidie kwa mawili. Fremu ya chuma inaweza kufungwa kwenye matundu yaleyale ya boluti za kiti, bila kutoboa, ikashika kweli? Na tripleksi ya milimita 18 itatosha, au uzito wake utaniumizia springi bure? Bado nataka viti virudi siku ya Jumapili, maana mama watoto ameshaanza kuuliza.