Miaka minne ghalani, bado tunaitwa vibarua wa siku

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Katika maghala ya kandokando ya Barabara ya Nyerere, jijini Dar es Salaam, kuna watu wanaoshusha na kupakia mizigo katika ghala lilelile, chini ya msimamizi yuleyule, mwaka wa nne sasa, na bado kila jioni wanatia saini kwenye kaunta buku kana kwamba wameanza kazi siku hiyo. Hatuna mkataba, hatuna likizo, hatuchangiwi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukimuuliza mwenye ghala anakuelekeza kwa wakala. Wakala naye anasema kazi yake ni kuleta watu tu.

Hoja kwamba kibarua si mwajiriwa ni uongo mtupu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo amemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sisi saa hizo tunazimaliza kabla wiki haijaisha, kwa kuwa tunaingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku, siku sita, kwa mapumziko ya nusu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka huohuo, imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 50 za ziada katika wiki nne. Za kwetu za ziada zinakaribia mara mbili ya hizo, na hakuna hata moja inayolipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida kama inavyotakiwa.

Mwezi uliopita magunia ya sukari ya kilo 50, yaliyopangwa hadi karibu na kenchi, yalimporomokea kijana wa zamu yetu. Tulimtoa chini ya magunia tukiwa na kandambili miguuni, maana buti hatujawahi kupewa. Msimamizi alimpa nauli ya bajaji, kisha akachukua kalamu na kulifuta jina lake kwenye ukurasa wa siku ile. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa ajili ya ajali za namna hiyo hasa, lakini atadai vipi mtu ambaye kwa maandishi hakuwepo kazini? Dawa analipiwa na mama yake, anayeuza vitumbua.

Maofisa kazi na wakaguzi wa OSHA, wanaosimamia usalama na afya mahali pa kazi, tunawaomba waje usiku, tena bila taarifa, kwa sababu kila ukaguzi unapotarajiwa buti hutolewa stoo na nusu yetu huambiwa tusije. Wamuulize mwenye ghala, si wakala, majina ya watu wote waliomo ndani na mikataba yao iko wapi.

Nanyi mlio katika hali hii, pigeni picha ukurasa mnaotia saini kabla kaunta buku halijafungiwa. Ukifukuzwa, fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na usiogope kwa kuwa huna karatasi: mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, sheria inamtwika yeye jukumu la kuthibitisha masharti ya kazi yanayobishaniwa.