Pendekezo la utafiti kuhusu nyanya za Ilula: msimamizi anasema tatizo halionekani

Mwaka_wa_Tatu

Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya uchumi kilimo, na ninaandaa pendekezo la utafiti lenye kichwa "Changamoto za Kilimo cha Nyanya Nchini Tanzania: Uchunguzi Kifani wa Ilula, Wilaya ya Kilolo". Msimamizi amelirudisha akisema kwamba tatizo la utafiti halionekani, na kwamba malengo mahususi yote matano yanaanza na "kuchunguza" bila kueleza kitakachopimwa. Katika usuli nimezungumzia mitaji, wadudu, barabara na bei zinazoporomoka wakati wa mavuno. Naomba mwongozo wa namna ya kulibainisha tatizo, na pia idadi ya wakulima wa kuwahoji, kwa kuwa wenzangu karibu wote wanatumia kanuni ya Yamane nami sina hakika kama inanifaa.

Bwana_Shamba_Mstaafu

Mdogo wangu, msimamizi wako hajakuonea. Kila ulichokitaja kwenye usuli kinajitosheleza kuwa utafiti. Kantangaze peke yake, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, angeweza kukumalizia muda wote ulio nao. Chagua jambo moja. Ningekuwa wewe ningechukua upotevu wa nyanya baada ya kuvunwa, kwa sababu hapo unaweza kuonyesha kwa urahisi kilichokusudiwa na kile ambacho bado hakijulikani, na tatizo la utafiti hukaa katikati ya hayo mawili. Mwaka 2014 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Malabo waliahidi kupunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya mavuno ifikapo 2025, na Tanzania nayo ikawa na mkakati wa taifa wa kusimamia mazao baada ya mavuno wa mwaka 2019 hadi 2029. Sasa uliza: mkulima wa Ilula anapoteza kiasi gani, na katika hatua ipi? Ni wakati wa kuchuma, wakati wa kupanga nyanya kwenye matenga, au njiani kuelekea sokoni? Pitia tasnifu zilizomo katika hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo uone ni hatua zipi zimekwisha kupimwa na zipi zimeachwa, kwani zile zilizoachwa ndizo pengo lako.

Tahadhari moja: usichukue makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2019, kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na kabla ya kufika kwa wauzaji wa rejareja, ukayaandika kana kwamba ni hali ya Ilula. Takwimu hiyo inakusaidia kuonyesha uzito wa suala kwa ujumla, lakini haithibitishi chochote kuhusu kijiji chako.

Mizani

Naongezea upande wa vipimo, maana huko ndiko mapendekezo mengi ya aina hii huvunjikia. Ukimwuliza mkulima alipoteza kilo ngapi, atakutajia namba ili kukuridhisha tu, kwa kuwa yeye huhesabu kwa matenga. Tenga nalo halina uzito mmoja: lipo linalojazwa hadi ukingoni, na lipo la lumbesa, linaloinuliwa juu ya ukingo, likafunikwa kwa nyasi na kufungwa kwa kamba. Kwa hiyo eleza ndani ya pendekezo kwamba utapima kwa mizani matenga kadhaa ya kila aina, ukokotoe wastani, kisha ndipo uyageuze majibu ya hojaji kuwa kilo. Aya hiyo moja itamridhisha msimamizi kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Kuhusu Yamane, kanuni ya kukokotoa ukubwa wa sampuli ni n = N/(1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni idadi ya kaya zote na e ni kiwango cha makosa. Kaya zinazolima nyanya zikiwa 400 na kiwango cha makosa kikiwa asilimia 5, sampuli ni kaya 200. Ukikubali asilimia 10, ni kaya 80. Kanuni hii inadhani kwamba unakadiria uwiano na kwamba umeteua kaya kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Wewe unakadiria wastani wa kilo, hivyo ichukulie kama mwongozo na uitetee kwa maneno. Kama ofisi ya kijiji haina orodha ya wakulima wa nyanya, panga kwanza namna ya kuitengeneza pamoja na afisa ugani.

Dada_wa_Nyaraka

Sikubaliani kwamba kila kitu kipimwe kwa kilo. Sababu za upotevu utazipata kwa usaili wa kina na madalali, wapakiaji na madereva, ambao huteuliwa kwa makusudi na hawahitaji kanuni yoyote. Lengo la kwanza liwe la kupima, la pili liwe la kueleza sababu, na uishie kwenye matatu.

Usisahau vibali. Barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani na kwenye halmashauri, ndipo ifike kwa watendaji wa kata na kijiji, kwa hiyo itengee majuma kadhaa kwenye ratiba. Kwa vile utakusanya majina na namba za simu, eleza pia utakavyozihifadhi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata watafiti wanafunzi.

Mwaka_wa_Tatu

Nawashukuru sana. Kichwa kipya ni "Kiasi na Sababu za Upotevu wa Nyanya kati ya Kuchuma na Kupakia katika Ilula, Wilaya ya Kilolo". Safari ya kwenda sokoni nimeiacha, kwa kuwa sina nauli ya kufuatana na magari hadi Dar es Salaam. Je, nikikusanya data wakati wa likizo, iwapo mavuno yatakuwa yamepungua, nitumie kumbukumbu za wakulima za msimu uliopita?

Mizani

Kwa sababu za upotevu, kumbukumbu zinafaa. Kwa kiasi, hapana. Mpigie afisa ugani wa kata sasa hivi umwulize ni mashamba yapi ya umwagiliaji yatakuwa yanachumwa wakati wa likizo yenu, kisha uandike pendekezo kwa kuzingatia mashamba hayo. Yakiwa machache, sampuli ipungue, na sababu yake iandikwe waziwazi kwenye mipaka ya utafiti.