Dini na serikali, nani anamtendea haki mlemavu?

Wakuu naomba kueleweshwa, Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi au kumwekea kipofu kikwazo, halafu sura ya 21 hapo mbele tu kuhani mwenye kilema haruhusiwi kusogelea madhabahu, sasa tushike lipi?

— Mkuu soma mpaka 21:22, chakula kitakatifu anakula kama wenzake, hajavuliwa ukuhani. Kwetu Waislamu, Qurani 24:61 inasema kipofu, kiguru na mgonjwa hawana lawama, yani wanapunguziwa mzigo.

— Kupunguziwa mzigo sawa, ila haki je? Mkataba wa UN wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 12, unataka mlemavu aamue mambo yake mwenyewe, akihitaji msaada apewe, ingawa (tuseme ukweli) nchi kibao zimesaini na bado mahakama zinamteulia mtu wa kumsainia.

— Duh, kumbe hata serikali nazo!