Naomba ushauri: seli za utumbo wa panya zinanifia

Wakuu, habari zenu. Nasoma uzamili, natumia panya wa maabara niliowaambukiza mnyoo wa utumbo, Heligmosomoides polygyrus. Nataka kuhesabu eosinofili na seli T (aina mbili za seli za kinga) kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, siku ya 14 baada ya kuwaambukiza.

Kutenganisha seli za utumbo wa panya wasioambukizwa hakunisumbui. Wenye minyoo ndio balaa: ute unavutika kama mlenda, chujio linaziba, na nikifika kwenye mashine ya kuhesabu seli, seli karibu zote zimekufa. Nimeongeza EDTA (kemikali ya kubandua tabaka la juu la utumbo) na kuosha zaidi, wapi! Msimamizi anasema nipime tezi za limfu tu, lakini minyoo haiishi huko.

Aliyewahi kufanikiwa, kolajenesi (kimeng'enya cha kuyeyusha tishu ili seli ziachane) uliiacha dakika ngapi? Au nipime siku ya 7, mabuu yakiwa bado ukutani?