Mrejesho: Seeburg M100C iliyogoma kupandisha santuri

Niliuliza kuhusu jukiboksi (mashine ya kupiga santuri unazochagua) ya 1952: keriji, yaani kigari kinachotembea kando ya safu ya santuri, inasafiri hadi kwenye wimbo uliochaguliwa, inasimama, mota inanguruma, santuri haipandi. Wengi mlihisi mota imekufa. Mota nzima kabisa. Tatizo ni grisi ya zamani iliyoganda kama nta. Chomoa umeme, sukuma livu (wenzo) za mtambo wa kupandisha santuri moja moja kwa kidole: ile inayojikokota badala ya kurudishwa na springi ndiyo yenye uchafu.

Dawa za kupuliza za kulegeza kutu achaneni nazo. Zinalegeza kwa muda, kisha utando wake unanasa vumbi. Piga picha kila springi na tundu lake, fungua, loweka vyuma kwenye waiti spiriti, sugua kwa mswaki, pini zisugue hadi zing'ae. Thina kali isiguse plastiki wala rangi.

Bushi (pete ambamo shafti inazunguka) za shaba zenye vitundu vidogo vya kushika mafuta ndizo zinazowaponza mafundi. Spiriti inanyonya mafuta yaliyomo ndani, ukizirudisha kavu zitakula shafti. Zilaze usiku kucha kwenye oili SAE 20 isiyo na kemikali za kusafisha (non-detergent). Baada ya hapo tone moja kila pini, grisi kidogo kwenye meno ya gia tu. Klachi isipate hata tone, itateleza.

Raba za kushikia mota nazo zilikuwa zimelegea. Mpya zimerudisha gia kwenye mstari na mngurumo haufiki tena kwenye sindano. Sasa santuri zote 50 zinapanda, pande zote mbili.