Sizoni za Kikorea za mapenzi na kurukia enzi nyingine: lazima mtu apoteze kumbukumbu?

Donge la Usiku

Wakuu, nimemaliza Lovely Runner usiku wa manane, mara ya pili, na bado nina donge. Niseme langu, mawe mtanipiga baadaye.

Hizi sizoni za kurukia enzi nyingine naziangalia tangu 2012, mwaka ambao Wakorea waliamua mabwana wa enzi za kale, Goryeo na Joseon iliyoifuata, waangukie Seoul ya leo. Rooftop Prince, Queen In-hyun's Man, Faith, zote mwaka huohuo. Na ugonjwa wao ni mmoja. Hadi sehemu ya kumi unalia kwa raha, ukikaribia mwisho mwandishi kaishiwa, anamfuta mtu kumbukumbu. Kwenye Queen In-hyun's Man, Hee-jin anamsahau Bung-do. Kwenye Lovely Runner, Sun-jae anamsahau Sol. Mimi nimekesha, macho yamevimba, bando la wiki limeisha kwa siku mbili, halafu unaniletea watu wawili hawajuani, tuanze salamu upya?

Rooftop Prince ndiyo ilinidhulumu kuliko zote. Mwanamfalme tuliyempenda karudi kwao Joseon, dada wa watu anaachiwa mwenye sura yake aliyezinduka hospitalini. Mnasema ni kuzaliwa upya. Mimi nasema kabadilishiwa mzigo.

Iliyonitendea haki ni Faith, ingawa ni sehemu 24 na katikati inachosha kama foleni ya Mbagala. Yule daktari wa upasuaji wa urembo anachagua kurudi Goryeo, hakuna umeme, hakuna dawa zake, na historia ameisoma: anajua mpenzi wake, Jenerali Choi Young, atakuja kuuawa na Yi Seong-gye, mwanzilishi wa Joseon. Anajua, na anakwenda. Huyo kalipa nauli. Wengine wote ni watalii.

Swali langu: msafiri abaki au arudi kwao? Na kwa nini hawawezi kumaliza hadithi bila kusahaulishana?

(Wale wa kutafsiriwa na DJ, anayewasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, msijisumbue kujibu. Ninyi hamjaangalia sizoni, mmesikiliza redio yenye picha.)

Nimepita Tu

Nakaa hapa na bisi zangu. Hayo mabano ya mwisho yatazaa watoto na wajukuu.

Bwana Fimbo

Arudi kwao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wanakaa Joseon sehemu ishirini na jembe hawajaligusa.

Kibanda Umiza

Nilikuwa na la kusema kuhusu Rooftop Prince, tena tungekubaliana, lakini hilo la redio limenikaa kooni.

Mama yangu hajui Kiingereza. Ana miaka 64 na hana mpango wa kukijua. Jumong aliiangalia yote, sehemu zote 60, pale sebuleni Tandika, watoto wa jirani wamejaa hadi mlangoni. Siku malkia wake So Seo-no anafungasha na wanawe kumwachia Jumong nchi, mama alilia mpaka ugali ukaungua. Wewe dada msomi, ugali wako umewahi kuungua kwa ajili ya sizoni?

Donge la Usiku

Jumong ni sehemu 81. Hizo 21 nyingine muulize DJ wako kapeleka wapi. Na hakuna mtu anayeruka enzi mle. Tubaki kwenye mada.

Kibanda Umiza

Mada uliivunja mwenyewe ulipofungua mabano.

Mkaa Ubungo

Niwe shahidi wa pande zote. Moon Lovers niliwekewa kwenye flashi, imetafsiriwa. Sehemu ya mwisho, Hae Soo, yule dada wa leo aliyeangukia Goryeo, anakata roho mikononi mwa mwanamfalme wa kumi na nne, mimi nina shuka mdomoni nisisikike chumba cha pili. DJ, simtaji, akakohoa akasema: "Kwa kazi zaidi kama hizi piga namba ifuatayo."

Nikapiga. Haipatikani.

Mwana wa Mvita

😂😂 Wallahi nyinyi wa Bara mna mambo. Mimi huku Mombasa natazama kwa maandishi na sioni fahari yoyote. Maandishi yenyewe hupita mbio kama matatu yenye deni. Sizoni nzima macho yako chini ya kioo, sura ya Lee Joon-gi, yule mwigizaji mkuu wa Moon Lovers, nimeiona kwenye mabango tu.

Donge la Usiku

Angalau nasikia sauti zao. Chukueni Mr. Queen. Mpishi wa Ikulu ya leo, mwanamume, anazinduka ndani ya mwili wa malkia wa Joseon. Kazi yote ya mwigizaji Shin Hye-sun pale iko kwenye sauti: vazi la malkia, mdomo wa kijana wa mjini. Ukimfunika na kaka mmoja anayesema maneno ya mfalme, malkia, mama mkwe na farasi, umebakiwa na nini?

Kibanda Umiza

Farasi haongei. Ona unavyotia chumvi ili ushinde.

Mkaa Ubungo

Kwa DJ wangu aliongea. Alisema "oya mwanangu, mizigo mizito leo."

Kibanda Umiza

Wewe uko upande gani?

Mkaa Ubungo

Wa farasi.

Kibanda Umiza

Donge, nijibu kitu kimoja. Hayo maandishi unayoyasoma ni ya lugha gani?

Donge la Usiku

Kiingereza. Kwani?

Kibanda Umiza

Kwa hiyo na wewe umetafsiriwa. Umetofautiana na mama yangu kitu kimoja tu: DJ wako haongei.

Nimepita Tu

Bisi zimeisha, nimetuma mtoto dukani.

Tisa Tisa

Niingie na Nine, kwa sababu inawahusu nyote na hakuna aliyeitaja, jambo ambalo ni dhambi. Mwaka 2013, sehemu 20. Jamaa ana uvimbe kwenye ubongo, anapata vijiti tisa vya ubani. Akiwasha kimoja anarudi miaka 20 kamili nyuma, na ana dakika 30 tu, ubani ukizima karudi. Hakuna hirizi ya ajabuajabu wala kuanguka ziwani jua likipatwa. Kanuni unaijua toka mwanzo, na kila kijiti kinamgharimu. Mtu anayesema hizi sizoni hazina malipo hajaiona.

Sasa, anarekebisha jambo moja la zamani, anarudi leo, anakuta kaka yake alimwoa mama wa yule dada anayempenda. Mpenzi wake amekuwa mtoto wa kaka yake. Maandishi ya Kiingereza yakampa neno moja la "mjomba" ambalo kwao ni la kila mtu, kaka wa mama, mdogo wa baba, mume wa shangazi, wote humo humo. Niliangalia hivyo, nikasikitika kidogo, nikaendelea.

Baadaye nikaiona kwa binamu, imetafsiriwa. Dada anaingia mlangoni, DJ anasema: "Shikamoo baba mdogo."

Nilisimama. Baba mdogo! Jana alikuwa mpenzi, leo ni baba. Hapo ndipo niliuona ukuta aliojijengea yule bwana kwa mkono wake.

Na kwa taarifa yenu, Wakorea wana neno hilo hilo. Mdogo wa baba akishaoa anaitwa jageun-abeoji, yaani baba mdogo, neno kwa neno. Kabla hajaoa ni samchon. Kaka mkubwa wa baba ni keun-abeoji, baba mkubwa. Yule DJ hajui Kikorea hata cha kuombea maji, lakini Kiswahili chake kilimfikisha karibu kuliko Kiingereza cha Donge.

Donge la Usiku

"Kiingereza cha Donge." Sasa imekuwa mimi. Na wewe Kikorea umejifunzia wapi, kwenye hizo hizo sizoni?

Tisa Tisa

Miaka mitatu kwenye mradi wa barabara, wasimamizi Wakorea. Najua matusi, majina ya vyuma, na nani ni nani kwenye ukoo. Bosi wangu alikuwa hawezi kula bila kuulizana umri na mgeni. Mkishajuana nani mkubwa ndipo mnajua muongee vipi, maana kuna kuongea kwa heshima na kuongea kwa kawaida, mpaka mwisho wa kitenzi unabadilika. Ndiyo maana kuna ile sehemu kwenye kila sizoni ya mapenzi mmoja anasema "tuache heshima sasa," wanaona haya wote wawili. Kwenye maandishi yako hayo yote yanapotea, unabaki unajiuliza mbona wamekuwa wekundu.

Mzee wa Kumbukumbu

Vijana, turudi kwenye Moon Lovers. Inamdhalilisha Gwangjong, mfalme wa nne wa Goryeo, ambaye mle ndiye mwanamfalme mpenzi wa Hae Soo. Mwaka 956 alitoa amri waliofanywa watumwa kinyume cha sheria waachiwe, akawavunja nguvu mabwana wakubwa. Katika tamthilia ile tumeonyeshwa zaidi kovu la uso na machozi kuliko kazi yake. Hilo ndilo tatizo la kuchanganya mapenzi na historia, na ndilo mngepaswa kulijadili.

Mkaa Ubungo

Asante mwalimu. Mtihani lini?

Mzee wa Kumbukumbu

Mwaka 958. Mitihani ya kuingia utumishi wa serikali ni yeye aliyeianzisha.

Nimepita Tu

Huyu mzee aachwe 😂

Bwana Fimbo

Kwa hiyo tumekubaliana msafiri arudi kwao?

Kibanda Umiza

Tisa Tisa umenikumbusha. Hiyo "oppa". Mama alizima TV siku moja akaniita kutoka uani. "Baba, hebu njoo. Huyu binti mbona anambusu kaka yake?" DJ katafsiri oppa kuwa kaka, kila mahali, bila huruma. Ilinichukua jioni nzima kumweleza.

Donge la Usiku

Asante! Unaona sasa? Hicho ndicho nilichokuwa nasema.

Kibanda Umiza

Hukusema hicho. Ulisema redio.

Tisa Tisa

Lakini DJ hakukosea. Oppa ni kaka kweli, kaka mkubwa wa msichana. Ni neno lile lile kwa kaka wa tumbo moja na kwa mpenzi aliyemzidi umri.

Mkaa Ubungo

Shida iko kwetu. Hapa Dar binti akikuita "kaka yangu" jua umekataliwa rasmi. Mimi nimeitwa kaka tangu kidato cha pili. Kumbe Korea ningeshaoa.

Mwana wa Mvita

Pole kaka.

Mkaa Ubungo

Na wewe tena?

Donge la Usiku

Basi aitweje? Mkisema "mpenzi" mnaua utamu, maana oppa ya kwanza anaitamka kabla hawajapendana, na ndiyo inayomwangusha mwanamume. Mkisema "kaka" mama wa watu anazima TV. Waache "oppa" kama ilivyo, mbona "kimchi" hatujaitafsiri?

Tisa Tisa

Hapo nakuunga mkono. Ila sikia, Queen In-hyun's Man ndiyo ninayotamani ipate mtafsiri mwenye akili. Bung-do katoka 1694, msomi wa Joseon, anaongea Kikorea cha kale na dada anayeongea cha 2012. Nusu ya ucheshi uko hapo. Kiingereza hakina mahali pa kuweka hiyo. Sisi tunapo. Mpe huyo bwana Kiswahili cha tenzi.

Mwana wa Mvita

Hapo sasa mwaja kwetu. "Ewe mwana, ni kipi hiki ushishiyeo mkononi chenye mwanga?" Naye dada: "Simu."

Kibanda Umiza

😂😂😂 Mama angeiangalia hiyo bila chakula.

Mkaa Ubungo

Ila jueni yule jamaa aliyeigiza Bung-do, Ji Hyun-woo, sizoni ilipoisha alisimama mbele ya mashabiki akamwambia Yoo In-na, aliyeigiza Hee-jin, anampenda kweli. Wakawa wapenzi kabisa. Hakuna aliyepoteza kumbukumbu.

Donge la Usiku

Na baadaye wakaachana. Kwa hiyo bora wangepoteza.

Nimepita Tu

Donge, kwani wewe si ndiye uliyefungua uzi kupinga watu kupoteza kumbukumbu?

Donge la Usiku

Napinga waandishi. Watu wa kweli wana ruhusa.

Bwana Fimbo

Naona swali la kurudi kwao limekufa. Sawa. Mimi naaga kwa kusema Jumong ndiyo baba lao, hizi nyingine ni za watoto wa shule.

Donge la Usiku

Jumong HAKURUKA ENZI.

Kibanda Umiza

Kaanzisha ufalme wa Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo, akaja kukaa sebuleni kwetu Tandika. Wewe unataka aruke mara ngapi?

Mgeni Jijini

Habari za humu wadau, samahani nimechelewa. Nani ana Nine sehemu ya 17 hadi 20, zilizotafsiriwa? Kibanda cha mtaani kwangu zinaishia 16.

Donge la Usiku

Ni DJ gani, yule wa baba mdogo?