Bia nyeusi yenye rasiberi: uchachu huu ni wake au imeharibika?

MaranguGent:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaopika au kuonja bia kabla ya Jumamosi.

Naishi Gent, Ubelgiji, huu mwaka wa sita. Jirani yangu wa chini ni mzee mstaafu anayepika bia gerejini kwake. Kiangazi alivuna rasiberi (vitunda vidogo vyekundu vya miiba) za bustanini, akazigandisha kwenye friza, na mwezi wa kumi akazitia kwenye bia nyeusi: kilo 3 kwa lita 20, zikakaa humo wiki sita. Juzi amenigongea mlango na chupa mbili. "Onja, Jumamosi uniambie ukweli." Huyu ndiye aliyekaa na mtoto wetu mkubwa usiku mzima mke wangu alipokwenda kujifungua wa pili. Siwezi kumjibu "nzuri sana" halafu basi.

Chupa ya kwanza nimeifungua jana, imetoka friji moja kwa moja. Kwenye glasi ni nyeusi, ila nilipoiinua mbele ya taa ya jikoni pembeni kukawa na wekundu, kama rosela iliyokolea. Povu lina rangi ya chai ya maziwa, na lilikwisha kabla sijavuta kiti. Harufu kwanza ni kahawa, halafu inakuja rasiberi yenyewe, kama mtu kaiponda kiganjani. Kwa harufu ile nikategemea utamu. Nikanywa fundo moja: utamu hakuna hata chembe! Uchachu ukaingia pembeni mwa ulimi, nyuma yake ukakasi kama wa zambarau ambayo haijaiva, mdomo ukakauka, mwisho uchungu wa kitu kilichoungua.

Je, imechacha vibaya, au ndivyo ilivyo? Na nimwambie nini?

MtangaWaLeeds:
Mkuu, mimi napika nyumbani mwaka wa nane sasa, na bia za matunda ndizo zilizonitoa jasho kuliko zote. Kwa ulivyoeleza, haijaharibika.

Rasiberi ina sukari kidogo na asidi nyingi, hasa asidi ya sitriki, ile ya limau. Ukiitia kwenye bia ambayo hamira ingali hai, hamira inaila sukari yote. Asidi haiigusi. Kwa hiyo harufu inabaki ya tunda, mdomoni unakuta tunda lililonyang'anywa utamu wake. Pua inakuahidi kitu, ulimi unapata kingine. Wengi wanaoonja mara ya kwanza hukwama hapo.

Ukakasi una mizizi miwili. Mbegu za rasiberi ni nyingi, na wiki sita ni muda mrefu. Mimi siku hizi sivuki wiki tatu. Mzizi wa pili ni shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Hiyo nayo inakausha mdomo.

Sasa dalili za kuharibika, uzikague kwenye chupa ya pili: harufu ya siki inayochoma pua, au harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au bia kuruka yenyewe nje ya chupa unapofungua. Kama hakuna hata moja, tulia.

Halafu usiinywe baridi ya friji. Baridi inafunga harufu na kuunoa uchachu. Itoe, iache nusu saa ifike kama nyuzi 10 au 12, tumia glasi iliyobana mdomoni, na mashapo ya chini yaache kwenye chupa.

BukavuLiège:
Ndugu yangu, upo Gent na unahangaika! Panda treni hadi Oudenaarde, haifiki mbali. Pale kuna Liefmans, kiwanda cha tangu 1679. Onja Kriek Brut yao, kilevi asilimia 6: bia ya kahawia iliyolala na cheri mwaka na nusu. Ni ya kahawia, si nyeusi, haina ule uchungu wa kuungua, ndiyo maana tunda linapumua. Ukiwa na hiyo kichwani utajua cha kumwambia mzee. Na bia ya jirani inywe pamoja na chokoleti nyeusi.

MamaNdesaMachame:
Mwanangu, bia za huko sizijui, mbege, pombe yetu ya ndizi, naijua. Ndizi zikiwa zimeiva mpaka ganda linajiachia, ukapika, ukachuja, bado ile ni tamu tu. Ukitia mso, yaani uji wa kimea cha ulezi, siku ile ile ni laini, hata bibi asiye na meno anaifurahia. Kesho yake imechangamka. Keshokutwa inakata. Ndizi ni zile zile, utamu ndio umeliwa. Na msesewe, lile gome chungu la mti, mimi nauweka kwa kupima kwa macho na ulimi, kwa sababu uchungu wake ni wa kushikilia utamu. Pombe ikiwa imeshachacha na msesewe umezidi, mnywaji anarudisha kata ikiwa nusu. Muulize huyo mzee kama alionja kabla ya kutia matunda.

MaranguGent:
Shikamoo mama, na asanteni wote. Narudisha jibu kama nilivyoahidi.

Ya pili niliiacha mezani dakika arobaini. Haikuruka, siki hakuna. Safari hii kahawa ilirudi nyuma ikawa kama chokoleti, na rasiberi ikabaki mdomoni hata baada ya kumeza, jambo ambalo kwenye baridi sikulipata kabisa. Ukakasi ulikuwepo, lakini umepungua. Mke wangu, ambaye bia hanywi, alinusa tu akasema inanukia matunda ya miiba tuliyokuwa tukichuma njiani tukienda shule.

Jumamosi nikamwambia mzee hivyo hivyo: harufu ni nzuri kuliko bia yoyote niliyonunua mji huu, uchachu naupenda, ila ukavu wa mwisho unaiba tunda. Nikamuuliza swali la mama. Akanyamaza, akafungua daftari lake, akanionyesha: siku ya kutia rasiberi ameandika neno moja, "chungu". Alijua, akatumaini matunda yatafunika.

Safari ijayo anapunguza shayiri nyeusi kwa nusu, na matunda yatakaa wiki tatu. Kisha akaniuliza habari za msesewe, nikamchorea gome lake nyuma ya karatasi ile ile. Anataka kujua kama unaweza kukaa mahali pa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Mama, nikija Desemba nitapita kwako unionyeshe kipimo.